Dawa Kutoka Maduka Manne: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Mombasa Anayetafuta Dawa Adimu

Mtu aliyepandikizwa figo na anayekaa Mikindani hapati dawa zake mahali pamoja. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hupewa kliniki. Takrolimasi, ile inayouzuia mwili usiikatae figo, huinunua mjini siku ambazo ipo, na isipokuwapo huagiza Nairobi. Dawa ya presha huichukua kwenye duka la karibu na stendi kwa sababu pale bei ni nafuu. Halafu akishikwa na kikohozi usiku hukimbilia kemisti ya mtaani, na kijana wa pale humpa antibayotiki bila kujua kwamba aliyesimama mbele yake anaishi kwa figo aliyopewa na nduguye.

Wenye figo hawako peke yao. Wako wanaodungwa erithropoietini, sindano ya kuongeza damu, kwa sababu ya kuosha figo, wako wa baridi yabisi, wa saratani, wa kifafa, wa sindano za insulini, na wako wazazi wa watoto wenye selimundu, maradhi ambayo sisi wa Pwani twayajua sana. Kwa miaka kadhaa mimi ndiye ninayemtafutia mzazi wangu dawa za aina hii, na kwenye viti vya kungojea nimewasikiliza wengi. Wengi wetu tunakosa mtu mmoja anayeziona dawa zote kwa pamoja. Daktari wa figo aona zake, wa mifupa aona zake, na kila duka laona lile boksi lililouza. Hatua hizi zote ni za kuziba pengo hilo, na kuhakikisha dozi haikatiki.

Hatua ya 1: Andika orodha moja, ukiyatazama maboksi

Usiandike kwa kukumbuka. Weka maboksi yote mezani, chukua daftari dogo, nakili herufi kwa herufi. Kila dawa ipate ukurasa wake: jina la dawa yenyewe, jina la kampuni iliyoitengeneza, nguvu yake, kama ni kidonge, kapsuli au sindano, unaitumia vipi na saa ngapi, daktari gani aliyeiandika, mara ya mwisho uliipata duka gani na kwa bei gani.

Nguvu ya dawa iandikwe kwa uangalifu mkubwa. Takrolimasi iko ya 0.5 mg, ya 1 mg na ya 5 mg. Kati ya ya kwanza na ya mwisho tofauti ni mara kumi, na kwenye boksi kinachozitenga ni sifuri na nukta. Tena ziko za aina mbili: ya kumeza mara mbili kwa siku, saa 12 zikipita kati ya dozi na dozi, na ile inayoachiliwa polepole mwilini, ya kumeza mara moja asubuhi. Prograf ni ya aina ya kwanza, Advagraf ni ya aina ya pili. Zote zimetoka kwa kampuni moja, kwa hivyo mtu akienda dukani akasema tu "nataka ya figo ya 1 mg", aweza kurudi na isiyo yake na asijue mpaka figo ianze kulalamika.

Methotreksati nayo iandike kwa herufi kubwa: MARA MOJA KWA WIKI, kisha utaje siku yenyewe, kwa mfano Jumatatu. Wenye baridi yabisi huimeza kwa wiki, si kwa siku. Duka jipya lisilokujua laweza kuandika kwenye bahasha "1 x 1" kwa mazoea tu, na methotreksati ikimezwa kila siku huua.

Kwenye ukurasa wa mwisho weka vile ambavyo watu huvificha kwa kuona si dawa: habasoda, mlonge, vidonge vya vitamini, dawa za kiungulia, maji ya balungi. Balungi hupandisha takrolimasi kwenye damu, kwa hivyo wenye figo ya kupandikizwa huambiwa waliache kabisa. Dawa za kiungulia nazo, nyingine huizuia mikofenolati, dawa nyingine ya kuulinda mwili usiikatae figo, isiingie mwilini sawasawa.

Ukimaliza, piga picha kila ukurasa na kila boksi, upande wa mbele na ule wenye nambari ya bechi, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani. Mtumie mtu mmoja wa nyumbani. Ukilazwa ghafla, yeye ndiye atakayeulizwa.

Hatua ya 2: Chagua duka moja liwe duka lako, hata kama hununui humo kila kitu

Hapa ndipo nawasihi wagonjwa wenzetu wapatilie mkazo. Huwezi kununua kila kitu mahali pamoja, hilo twalijua. Hakuna duka Mombasa lenye dawa zote hizi wiki zote za mwaka. Lakini waweza kuwa na mfamasia mmoja anayeijua orodha yako yote, akaiweka kwenye kompyuta au faili lake, na ukamuuliza kila unapopewa dawa mpya popote.

Sababu ni migongano. Mwenye methotreksati akapewa kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin na hununuliwa mitaani kama peremende, uboho wake waweza kushindwa kutengeneza damu. Mwenye takrolimasi akipewa klarithromaisini au erithromaisini kwa kifua, au flukonazoli kwa fangasi, takrolimasi hupanda na kuiumiza figo. Akianzishwa rifampisini ya kifua kikuu, takrolimasi hushuka na mwili waweza kuanza kuikataa figo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ni hatari kwa figo iliyochoka. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ngeni; nyingi ziko rafuni kwenye kemisti kuanzia Bombolulu hadi Changamwe. Anayeuza hana kosa la kutojua ikiwa hakuambiwa. Mwenye duka lako ndiye wa kukwambia, "Hii ngoja kwanza."

Duka la kuchagua litazame hivi. Leseni ya mwaka huu ya Bodi ya Famasia na Sumu ibandikwe mahali pa kuonekana, pamoja na cheti cha mfamasia au mtaalamu anayesimamia. Uliza saa anazokuwapo yeye mwenyewe, maana duka laweza kuwa na leseni nzuri na kaunta ikashikwa na mtu asiyesomea. Litazame friji. Duka ninalolitegemea lina kipimajoto kilichoning'inia ndani ya mlango wa kioo, na juu ya friji pana daftari lililochanika pembe, limeandikwa kwa mkono: asubuhi nyuzi 4, jioni nyuzi 5, na sahihi pembeni, ukurasa baada ya ukurasa, hata Jumapili. Ndani hamna soda wala chakula cha mchana cha mfanyakazi. Duka la namna hiyo nalilipa kidogo zaidi bila kunung'unika.

Jambo jingine la kulitazama ni kama yuko tayari kumpigia daktari simu. Mfamasia anayekwambia "ngoja nimuulize daktari wako" ni wa kushikamana naye.

Hatua ya 3: Hesabu siku zilizobaki

Boksi lenye kapsuli 100 laonekana jingi. Ukimeza 3 asubuhi na 2 jioni, ni siku 20. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ambayo dawa itaisha, kisha urudi nyuma wiki mbili uweke alama. Siku ya alama ndiyo siku ya kuanza kutafuta.

Kwa nini wiki mbili? Dawa hizi maduka mengi hayaziweki. Huziagiza kwa jina la mgonjwa kutoka kwa wauzaji wa jumla, na wengi wao wako Nairobi. Ukichelewa mpaka siku mbili za mwisho, utanunua chochote utakachopata kwa bei yoyote. Mwezi wa Ramadhani na siku za Iddi ongeza wiki moja zaidi, kwa sababu saa za maduka hubadilika na baadhi hufungwa. Ijumaa mchana pia, maduka kadhaa ya mjini hufungwa kwa swala. Usipange kuvuka feri ufike saa saba.

Akiba ya mwezi mmoja yatosha. Dawa zina tarehe ya mwisho wa matumizi, na daktari aweza kubadilisha dozi baada ya kipimo, ukabaki na maboksi ya maelfu ya shilingi yasiyo na kazi.

(Anayefunga na anatumia dawa za kila saa 12 amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kufunga siku kumi.)

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kupanda matatu

Nauli ya kutoka Mtwapa au Likoni mpaka mjini, tuktuk kutoka duka hili hadi lile, na jua la mchana humaliza nguvu ya mgonjwa kabla hajaona dawa. Piga simu asubuhi, mara tu duka linapofunguliwa, kaunta haijajaa. Maneno nitumiayo ni haya:

"Salaam aleikum. Natafuta takrolimasi kapsuli za 1 mg, za kumeza mara mbili kwa siku, za kampuni fulani. Tafadhali nisomee yaliyoandikwa kwenye boksi, na tarehe ya kuisha."

Sema *nisomee*, usiulize tu *ipo?* Ukiuliza kama ipo utaambiwa ipo. Ukiomba kusomewa, mtu atainuka aende rafuni. Uliza pia idadi iliyobaki, bei ya boksi zima na bei wakikuuzia nusu. Mwisho uliza jina la unayezungumza naye, umwandike.

Akikubali kukuwekea na akataka malipo ya mwanzo, lipa kwa nambari ya biashara ya duka iliyoandikwa kwa jina la duka, si kwa simu ya mtu binafsi. Ukitakiwa utume picha ya cheti cha daktari, yaani karatasi aliyokuandikia dawa, kwa WhatsApp, ziba nambari ya kitambulisho na yale yasiyohitajika kuhusu maradhi yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakulinda, lakini picha ikishasambaa hairudi.

Wapo wanaouza dawa hizi kwenye makundi ya simu, mara nyingi masalio ya mgonjwa aliyefariki au aliyebadilishiwa tiba. Nawaelewa, kwani uchungu wa kutupa sindano ya bei ile ni mkubwa. Hata hivyo usinunue. Hujui boksi lile lilikaa wapi, kwenye friji au juu ya kabati chini ya mabati.

Hatua ya 5: Kwenye kaunta, usiharakishwe

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja ya tiba kati ya 10 ni bandia au haifikii viwango. Dawa ghali huwavutia waghushi. Kwa hivyo fungua daftari lako, linganisha boksi jipya na picha ya boksi la zamani: maandishi, rangi, jina la kampuni, nchi ilikotoka. Hakikisha muhuri haujafunguliwa. Nambari ya bechi na tarehe kwenye boksi zilingane na zile zilizo kwenye karatasi ya vidonge au kwenye sindano ndani. Zikitofautiana, rudisha hapo hapo. Omba risiti iliyotaja dawa kwa jina, na bechi ikiwezekana.

Kisha lipo lile ambalo kila mgonjwa wa dawa adimu amekutana nalo. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, ile yako hatuna. Lakini hii ni ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti. Na ni nafuu."

"Mwanangu, kwa dawa ya presha ningeichukua leo. Hii ya figo siibadilishi mpaka daktari aseme. Niwekee kidogo, nimpigie."

Jeneriki, yaani dawa ile ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, si dawa duni. Bila jeneriki familia nyingi za hapa zisingeweza kutibiwa hata mwezi mmoja, na kwa dawa nyingi kubadilisha kampuni hakuna madhara. Kuna chache tu ambazo nafasi kati ya dozi inayotosha na dozi inayodhuru ni nyembamba, kama vile takrolimasi, siklosporini, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Kwa hizo tofauti ndogo huonekana mwilini. Uingereza, mamlaka yao ya dawa ilishauri mwaka 2012 takrolimasi ya kumeza iandikwe na itolewe kwa jina la kibiashara, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakichanganyiwa. Mombasa, ulinzi huo uko mikononi mwako na mwa daktari wako. Mwombe aandike kwenye cheti jina la dawa pamoja na kampuni. Akikubali ubadilishe, muulize damu ipimwe lini kuangalia kiwango cha dawa, na uandike kwenye daftari tarehe uliyoanza ya kampuni mpya. Kinachoumiza ni kubadilishwa kimyakimya, mwezi huu kampuni hii, mwezi ujao ile, kila duka likitoa iliyo nayo, na kipimo kikivurugika daktari hana la kushika.

Nimewahi kuona duka likibadilisha kampuni na kuziweka kapsuli ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina. Dawa za aina hii zikatae zikiwa kwenye bahasha tupu. Ukiuziwa nusu, ikatwe karatasi nzima yenye jina na tarehe, au upewe picha ya boksi.

Cheti cha daktari kisibaki dukani bila wewe kuwa na nakala. Duka likikuuzia sehemu tu, waandike nyuma yake walichotoa, idadi na tarehe, wapige muhuri, ili duka la pili lijue kilichobaki. Dawa kama mofini zina sheria kali zaidi na si za kuzunguka nazo madukani. Mwenye mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali aulize hospitalini anakotibiwa au Coast Hospice, kituo cha kuwatuliza wagonjwa wenye maumivu ya namna hiyo.

Hatua ya 6: Baridi

Insulini ambayo haijafunguliwa, erithropoietini na sindano nyingi za baridi yabisi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mji wetu hauna huruma na dawa hizi. Miezi ya kaskazi, Februari na Machi hasa, mchana hupita nyuzi 30 hata ndani ya nyumba. Karatasi ya kiwandani ikikwambia sindano yaweza kukaa nje siku kadhaa ikiwa joto halizidi 25, jua kwamba chumba chako Kisauni hakifikii sharti hilo kwa miezi mingi ya mwaka.

Nenda dukani na chombo chako. Chupa ya chai yenye mdomo mpana yafaa, au kisanduku kidogo cha kuhifadhi baridi. Weka pakiti ya barafu chini, juu yake taulo dogo lililokunjwa, halafu dawa. Dawa isiguse barafu, maana insulini iliyoganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mwombe mfamasia aitoe kwenye friji baada ya kulipa, mkono kwa mkono, isikae kaunta mkisubiri chenji. Kutoka hapo nenda nyumbani moja kwa moja. Yule mama wa Likoni anayepitia Kongowea kununua mboga, kisha anasimama kwenye foleni ya feri na mfuko wa nailoni mkononi, aweza kuwa amebeba maji tu anapofika upande wa pili.

Nyumbani dawa ikae rafu ya katikati, si mlangoni ambapo joto hupanda kila mtu akifungua, wala si karibu na sehemu ya kugandisha. Stima ikikatika usifungue friji kutazama; ikiwa imefungwa hushika baridi kwa takriban saa 4. Ikizidi hapo, tafuta barafu au mpelekee jirani mwenye jenereta. Mtungi wa udongo uliolowanishwa husaidia bara kunakokauka hewa. Hapa kwetu unyevu wa bahari hupunguza kazi yake, ingawa ni bora kuliko kuiacha dawa dirishani. Insulini iliyokwisha kufunguliwa, zilizo nyingi huruhusiwa kukaa nje takriban wiki 4 ikiwa joto halivuki 30, kwa hivyo andika kwenye kalamu yenyewe tarehe uliyoifungua.

Vidonge navyo vina adui yake, unyevu. Kabamazepini ikinyonya unyevu yaweza kupoteza thuluthi ya nguvu yake, na mzazi akashangaa mtoto anaanguka ilhali dawa anakunywa. Iache kwenye boksi lake, mbali na jikoni na bafu, na kile kifuko kidogo cha kukausha usikitupe.

Wenye haidroksiyurea (ile ya selimundu), methotreksati na mikofenolati: mwanamke mjamzito asizishike kwa mikono mitupu, na kapsuli isifunguliwe nyumbani ili kumgawia mtoto nusu. Uliza kliniki watakupa njia gani.

Hatua ya 7: Dawa ikitoka Nairobi

Vidonge vyaweza kuja na kifurushi cha basi la usiku, vikiwa vimefungwa vizuri na risiti ndani. Dawa ya baridi usiitie kwenye buti la basi. Ni safari ya karibu kilomita 490, na buti huwaka. Afadhali mtu unayemwamini aje nayo mkononi kwa treni ya SGR, ikiwa kwenye kisanduku chenye barafu, nawe umpokee Miritini. Anayekuja kwa ndege aiweke kwenye mkoba wa kuingia nao, asiikabidhi na mizigo. Pia liulize duka lako la Mombasa kwanza kama laweza kuagiza kwa niaba yako, kwa sababu wao wana njia ya baridi ya muuzaji wa jumla na wakipokea iliyoharibika hawatailipa.

Hatua ya 8: Pesa

SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Inalipa vituo vilivyo na mkataba nayo. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa mfukoni, pita kwenye dawati la SHA la hospitali unakotibiwa, iwe Coast General, ambayo wengi twaiita Makadara, au ya binafsi, uulize mambo haya kwa maneno haya haya: Dawa hii imo kwenye kifurushi changu? Yahitaji idhini kabla? Nani ajaza fomu, na itachukua siku ngapi? Anayeoshwa figo aulize kama sindano ya kuongeza damu imo ndani ya malipo ya kila kipindi. Hali ya usajili wako waweza kuitazama kwa *147#, nayo itazame mwanzo wa mwezi, usingoje siku ya kliniki.

Kliniki ikikosa dawa ambayo kwa kawaida hukupa, mwombe mfamasia wa hospitali aandike kwenye karatasi kwamba haipo, na tarehe. Bima ya kazini mara nyingi huhitaji karatasi hiyo pamoja na risiti halisi na nakala ya cheti. Na bima zina orodha ya maduka yao. Ukinunua nje ya orodha bila idhini, gharama yaweza kubaki yako.

Bei hutofautiana kiasi gani kati ya maduka? Sana. Mimi huuliza matatu, na tofauti hiyo ya bei huilinganisha na nauli na friji. Duka la bei ya chini lisilo na kipimajoto silihesabu.

Hatua ya 9: Dawa ikikutia shaka

Ladha imebadilika, rangi si ile, au umeitumia vizuri na kipimo kimeanguka. Usiitupe. Iweke na boksi lake, mpelekee mfamasia wako, umwombe ajaze ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Ya ubora mbaya wa dawa ina fomu yake ya rangi ya waridi, na ya madhara ina ya manjano. Wachache hujaza, na ndiyo maana bechi mbovu huendelea kuuzwa.

Hatua ya 10: Zikibaki siku tatu na dawa haijapatikana

Usipunguze dozi ili ikufikishe mbali. Takrolimasi nusu haimlindi mtu, prednisoloni ya muda mrefu ikikatwa ghafla mwili waweza kuzirai, na dawa ya kifafa ikikatika degedege huweza kuja mfululizo. Usiazime kapsuli za mgonjwa mwingine bila kliniki kujua, hata kama boksi lafanana.

Ipigie simu kliniki iliyokuandikia, uwaambie idadi kamili iliyobaki mkononi. Wana njia ambazo sisi hatuna: dawa ya wodini, mgonjwa aliyebadilishiwa tiba na akarudisha maboksi yake kwao, hospitali nyingine mjini, au dawa mbadala ya kukuvusha kwa muda ikipimwa. Wasiposhika simu, nenda mwenyewe asubuhi, usingoje siku ya miadi. Ikiwa dozi imeshakosekana na una homa, mkojo umepungua, au maumivu kwenye figo iliyopandikizwa, nenda idara ya dharura usiku huo huo.

Na dawa ikipatikana baada ya kukosa dozi, usimeze mbili kufidia. Waulize kliniki uanzie dozi gani, saa ngapi, na damu ipimwe siku gani.